Damu ya Mahabusu na Amri ya Mkubwa wa Idara



Twasema nanyi jioni hii juu ya sheria ya nchi ya mbali, nayo ni Australia. Katika jimbo la New South Wales ilipitishwa mwaka 2021, ikaanza kutumika Julai 2022, sheria ya kumlazimisha mtu atolewe damu ikiwa kwa kusudi ameuma, ametema mate au amefanya tendo jingine hata damu au mate yake yakamfikia askari, mwuguzi au mtumishi mwingine wa serikali. Damu hiyo hupimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini za namna B na C.

Twaanza na haki ya askari, maana naye ni mtoto wa watu. Arudipo nyumbani na alama ya meno mkononi, mkewe hulala macho. Hofu hiyo hatuicheki.

Walakini, ni nani aamuaye? Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, atoaye amri si hakimu, bali ni mkubwa wa idara ile ile ya mlalamikaji. Mahakama hungojewa kwa mtoto wa miaka 14 hadi 17, ama kwa mwenye maradhi ya akili. Mtuhumiwa huruhusiwa kujitetea, na baadaye huweza kumwendea mganga mkuu wa jimbo. Lakini akikaidi amri, kifungo chaweza kufika miezi 12. Humu ukumbini wamo waliopata kulala rumande. Hao hawana haja ya kuelezwa maana ya kuhukumiwa na mwenziwe aliyekukamata.

Tena tuitazame faida yenyewe. Mate hayaambukizi Ukimwi. Aliyeambukizwa juzi aweza kupimwa leo asionekane na kitu, hivyo jibu la "hana" halimpi askari amani. Dawa za kinga hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, ilhali sheria yaruhusu maombi yapelekwe hata siku ya 5 ya kazi! Basi damu ile yamponya nani?

Sisi twaona askari achanjwe homa ya ini ya namna B kabla hajapewa kirungu, na akipatwa na jambo aonwe na daktari siku ile ile. Na ikiwa damu ya mtu lazima itolewe bila ya ridhaa yake, basi karatasi hiyo itiwe sahihi na hakimu.