Tunguu Lililolala Halikufa

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wazee na walimu, Ifakara)

Nimeombwa kusema maneno machache habari za maua yaotayo kwa matunguu. Labda wako wasemao moyoni, "Sisi ni watu wa mpunga, karani huyu atuletea maua ya nini?" Naomba mnisikilize, maana nina hasara mbili za kuwasimulia, na hasara ya mtu mmoja ikisemwa huwa faida ya wengi.

Sote twaijua nyinyoro, lile ua jekundu la mviringo litokalo chini ya miti mvua za kwanza zinyeshapo. Wataalamu huiita Scadoxus multiflorus. Ukilitazama vema utaona si ua moja, bali ni vijiua vingi juu ya shina moja, pengine hata 200.

Mwaka wa kwanza nilipanda matunguu sita mbele ya nyumba yangu, yakachanua vizuri. Ulipofika Juni majani yakawa manjano, yakaanguka. Nikadhani ni kiu, basi nikayamwagia maji kila jioni. Nilipofukua mwezi wa Agosti nalikuta uozo mtupu. Bibi mmoja jirani yangu akacheka, akaniambia, "Mjukuu wangu, hayakuwa na kiu, yalikuwa na usingizi."

Neno lake ni kweli. Tunguu ni ghala. Wakati wa masika majani hufanya chakula kwa nguvu za jua, na chakula hicho hushuka kikawekwa akiba chini. Kiangazi kifikapo, mmea huacha majani yake, nao hukaa ardhini kimya, hata moto wa nyika upitapo juu haulidhuru tunguu. Wakati huo mizizi hainywi sana. Maji umwagayo hubaki udongoni, na kwa joto la bonde letu tunguu huoza.

Basi yafaa tushike mambo haya. Kwanza, panda kabla ya mvua, katika udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, penye kivuli chepesi kama cha mwembe. Shingo ya tunguu iwe sawasawa na uso wa ardhi, na kati ya moja na jingine uache shubiri.

Pili, nyinyoro haipendi kusimama majini. Sisi twajua mto Lumemo unavyofurika. Kwa hiyo mwenye kiwanja cha bondeni apande juu ya tuta lililoinuka. Pale penye majimaji afadhali apande yale matunguu makubwa ya kando ya mito, yenye maua meupe ya mistari ya waridi, hayo huvumilia.

Tatu, usikate majani yakiwa mabichi, ijapokuwa ua limekwisha. Akataye majani hulinyima ghala chakula, na mwaka ujao hataona ua.

Nne, majani yakiisha kukauka, acha kumwagia maji mpaka mvua zirudi. Chomeka kijiti mahali pale, ili mwenye jembe asidhani ni kiwanja kitupu.

Tena, usiende kuyamaliza matunguu ya msituni. Omba machipukizi kwa jirani. Tunguu likikaa miaka kadhaa huzaa wenziwe.

Sasa nasema hasara ya pili, nayo ndiyo kubwa. Mwaka uliofuata nilijifanya hodari: nikayafukua matunguu, nikayakausha kivulini, nikayatia katika kapu na kuliweka jikoni. Mtoto wa ndugu yangu, aliyekuja kututembelea, akayadhani vitunguu, akayakatia katika mboga. Watu watatu tulionja tu, tukatapika hata alfajiri, tukapelekwa hospitali. Tunamshukuru Mungu, tulipona. Kosa lilikuwa langu, si la mtoto.

Matunguu ya nyinyoro yana sumu, na ya kando ya mito vilevile. Ubaya zaidi uko katika mizizi minene ya lile ua jekundu na manjano mfano wa ndimi za moto, litambaalo kwa ncha za majani yake: hiyo huweza kuua mtu. Basi aliyefukua asiweke jikoni kamwe. Afunike kwa pumba kavu za mpunga ndani ya chombo chenye alama, mbali na watoto na mbuzi, kisha anawe mikono. Na aliyekula, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea wenyewe. Asingojewe mpaka azidiwe.

Walimu, mkipanda maua haya shuleni, wafundisheni watoto habari ya sumu siku ile ile ya kupanda. Mtoto aliyeambiwa atayapenda kwa macho, wala hatayaonja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mwezi wa Novemba, mvua zikianza, tazameni vijiti vyenu.