Shule Isiyo na Jirani

Mwalimu mgeni anayekwenda Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya Kusini, hufika kwa meli kutoka Cape Town, sawa na vitabu vyake. Safari huchukua takriban wiki nzima. Uwanja wa ndege hakuna, na bahari ikichafuka abiria husubiri melini huku kijiji wakikiona.

Wakazi hawafiki 300. Shule ni moja tu, St Mary's.

Likizo ndefu huanza Desemba, kiangazi cha huko, kondoo wanaponyolewa. Masomo yaliwahi kuhama pamoja na kijiji kizima: mlipuko wa volkano wa 1961 uliwahamishia wakazi wote Uingereza; wengi walirejea 1963, watoto wakiwemo.

Anayetaka kuendelea na masomo baada ya miaka 16 hupanda meli hiyohiyo, akiwaacha wazazi gatini. Kwa umri huo, ni mzigo mzito mno.