Majani, Mchochota na Kizazi cha Mama wa Mambasa



Nimekuja na neno moja. Mmea ukituliza maumivu ya kizazi, haina maana kwamba umekiponya. Tukiyachanganya mambo hayo mawili tunawaponza wanawake wetu, na elimu ya bibi zetu tunaidharaulisha bure.

Tuchukue mama aliyejifungulia nyumbani, tuseme upande wa Lolwa, huku kwetu Ituri. Siku ya nne anashikwa na homa. Tumbo la chini linamuuma hata likiguswa kidogo, na damu ya uzazi imeanza kunuka. Bakteria wamepanda kutoka ukeni wakaingia kwenye ukuta wa kizazi, ambao bado una kidonda pale kondo la nyuma lilipobanduka. Mwili unajitetea: mishipa inapanuka, chembe nyeupe zinamiminika, tishu zinatoa prostaglandini. Huo ndio mchochota, yaani joto, wekundu, kuvimba na maumivu. Bibi anakwenda kando ya mto, anachuma majani, anayachemsha, anamnywesha mkwewe. Usiku homa inashuka. Kesho yake mama anaketi na kuomba chakula.

Je, bibi amekosea? Sitasema hivyo. Chukueni Alchornea cordifolia, kichaka kinachoota kando ya mito na kwenye mashamba yaliyoachwa, kote Afrika ya Kati na ya Magharibi. Dondoo la majani yake likipakwa kwenye sikio la panya lililovimbishwa makusudi, uvimbe hupungua. Ndani ya majani hayo kuna tanini na flavonoidi, asidi ya gali na asidi ya elaji. Katika sahani ya maabara, dondoo hilo huzuia pia baadhi ya bakteria, akiwemo stafilokokasi anayesababisha majipu. Bibi hakuota ndoto; mkononi mwake kuna kemia ya kweli.

Lakini sahani ya maabara si kizazi. Kiasi kinachoua bakteria kwenye sahani mara nyingi ni kikubwa kuliko kile kinachoweza kufika kwenye kizazi baada ya kikombe cha majani kupita tumboni na kwenye ini. Kupunguza prostaglandini ni kazi nyepesi zaidi, hata gome la mti wenye salisini huifanya. Basi inawezekana kabisa homa ikashuka huku bakteria wakiendelea kupanda kuelekea kwenye mirija ya uzazi. Mirija hupona kwa kovu, kovu huziba njia, mimba haishiki, na baada ya miaka mitatu watu wanaanza kumnong'ona yule mama kwamba amerogwa.

Jambo hili ni la kwetu hasa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, miongoni mwao Robert Bailey na Peter Ellison, walifanya utafiti kati ya Walese na Waefe wa msitu wa Ituri. Walikuta uzazi mdogo na wanawake wengi wasiopata mtoto. Sehemu ya sababu ilikuwa njaa ya msimu, kwa maana walipopima mate ya wanawake wa Kilese waliona homoni ya projesteroni ikishuka pale mwili unapokonda. Sehemu nyingine ilihusishwa na magonjwa ya zinaa, yale yale ya kisonono na klamidia ambayo yameacha ukanda mrefu wa utasa katikati ya Afrika. Ninaposikia mtu akisema kwamba uchungu wa tumbo la chini ni mambo ya kawaida ya akina mama, huwa nakasirika, na sioni haya kukasirika.

Sasa nawapeleka kwenye kisa ambacho kila mwanafunzi wa famasia wa nchi hii angepaswa kukijua kwa moyo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norwei, Lorents Gran, alikuwa Kongo kwa kazi ya Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata, Oldenlandia affinis, ili kuharakisha uchungu wa kuzaa. Hakuwacheka. Aliona kizazi kikijikaza kwelikweli, wakati mwingine kwa nguvu ya hatari. Akaupeleka mmea maabara, na mwaka 1973 akachapisha habari za protini ndogo aliyoitoa humo. Ikaitwa kalata B1.

Protini za kawaida ukizichemsha zinaharibika, kama ute wa yai sufuriani. Hii inachemshwa, inanywewa, inapita tumboni, na bado ina nguvu. Umbo lake lilifichuliwa mwaka 1995: asidi amino 29 zilizofungwa duara, bila mwanzo wala mwisho, na katikati madaraja matatu ya salfa yaliyopishana kama fundo. Kimeng'enya cha tumboni hakipati ncha ya kushika. Ndiyo maana chai ya wanawake wale ilifanya kazi.

Haikuishia hapo. Watafiti wa Vienna na Freiburg walibadilisha asidi amino moja tu, ile ya nafasi ya 20, wakapata T20K. Mwaka 2016 walionyesha kwamba panya wenye ugonjwa unaofanana na ule wa ubongo na neva uitwao multiple sclerosis, wakinyweshwa T20K, mchochota wao hupungua, kwa sababu chembe za ulinzi zinazuiwa kuongezeka. Kampuni ya Uswidi, Cyxone, ikachukua haki ya kuiendeleza. Molekuli iliyotokana na chai ya uzazi ya Kongo ikawa mtarajiwa wa kutuliza mchochota wa ubongo. Na kalata B1 hiyo hiyo, ikikutana moja kwa moja na chembe nyekundu za damu, huzipasua. Faida na sumu zimo katika jani moja, na kinachozitenganisha ni kipimo.

Gran alifaulu kwa sababu aliuliza maswali ya mkunga: mmea upi, sehemu ipi, wakati gani, kikombe kimoja au vitatu. Hapa Ituri maswali hayo yana uzito wa pekee. Wajapani Terashima na Ichikawa, waliolinganisha makundi ya Wambuti na Waefe, walikuta matumizi ya mimea yakitofautiana sana hata kati ya majirani. Anayesema "Wambuti hutumia mti huu kwa kizazi" hajasema kitu bado. Kambi ipi? Nani hasa? Kwa ugonjwa gani: damu nyingi, usaha, au mimba isiyokaa?

Kwa hiyo kazi ninayowaomba tuianze Mambasa ina pande mbili, na zote zifanyike pamoja. Mama wazalishaji, mkileta tawi, lileteni na ua au tunda, tulikaushe na kulipa jina la uhakika, na majina yenu yaandikwe kwenye daftari kama wenye elimu hiyo, maana wanawake waliomfundisha Gran hatuwajui kwa majina. Vijana wa maabara, dondoo la kila jani lijaribiwe mara mbili: kwanza kwa bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa hapa hapa, halafu kwa mchochota. Jani litakalotuliza bila kuua bakteria lisitupwe. Lina nafasi kwa mama mwenye maumivu ya hedhi asiye na maambukizi. Kwa mwenye maambukizi, litolewe tu pamoja na antibayotiki, baada ya kuhakikisha kwamba haviharibiani.

Na wakati utafiti huo unaendelea, mama yeyote mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya kuzaa, tumbo likiuma na damu ikinuka, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama barabara ni mbovu, abebwe. Dawa inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni klindamisini pamoja na gentamisini, kwa sindano. Chai ya bibi kama amekwisha kuinywa, msimgombeze. Muulizeni ni majani gani, mwandike.