Deni la Kidato cha Pili
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache, nami nataka kuzitumia kulipa deni. Tulipokuwa kidato cha pili niliandika ubaoni kwamba pai ni 22/7. Mwenzetu mmoja akasimama, akasema, "Hiyo ni karibu tu, siyo yenyewe." Tulimcheka darasa zima, nami nikiwa wa kwanza. Tangu siku hiyo hakunyoosha tena mkono katika kipindi cha hesabu.

Vijana, shikeni kalamu. Chukueni namba yoyote, ondoeni sehemu yake kamili, kisha gawanyeni 1 kwa baki. Rudieni hivyo hivyo. Kwa pai mtapata 3, 7, 15, 1, 292, na kuendelea. Ukikomea kwenye 7 unapata 22/7. Ukikomea kwenye ile 1 unapata 355/113. Kama namba ni sehemu ya kawaida, kazi hii lazima ifike mwisho. Lakini mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kwamba pai haiwezi kuandikwa kwa sehemu. Kwa hiyo kazi yake haina mwisho.

Zipo namba zinazohadaa zaidi. Mwaka 1933 David Champernowne, angali mwanafunzi wa Cambridge, alichapisha habari za namba inayopatikana kwa kupanga 1, 2, 3 na kuendelea baada ya nukta: 0.123456789101112... Hata mtoto wa darasa la pili aweza kuiendeleza. Ifanyieni kazi ile ile: 0, 8, 9, 1, halafu ghafla 149,083! Namba kubwa hivyo maana yake baki lilikuwa dogo mno. Mvivu atasema, "Yamekwisha, jibu ni 10/81." Kweli, amekosea kwa kiasi cha 1 katika 1,000,000,000 tu. Lakini akiendelea, namba ya 18 baada ya ile 0 ina tarakimu 166! Wala hapo si mwisho, kwa kuwa desimali zake hazina mzunguko.

Karibu sana si sawasawa. Mwenzetu aliliona hilo mapema. Leo yumo humu ukumbini, safu ya nyuma. Ndugu yangu, ulikuwa na haki. Niwie radhi mbele ya vijana hawa.

Nanyi vijana, mwenzenu akisema "karibu tu", msimcheke. Mpeni chaki.