Msitu Ufunguliwe au Ufungwe? Swali Lenyewe Limekosewa

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye kikao cha vijana hapa Elburgon. Wengi mliomba niyaweke hapa, nami nimeyagawa vipande msome polepole. Sheria ya ukurasa huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafafanua hoja.

1/ Msimu wa siasa ukifika huku kwetu, mmoja anapanda jukwaani: "Nikichaguliwa, msitu utafunguliwa, vijana wapate kazi!" Makofi. Wiki ijayo anakuja mwingine: "Hawa wapasua mbao ndio wamekausha mito yetu!" Makofi tena, na wengine ni wale wale waliompigia wa kwanza. Tukifika nyumbani, hakuna aliyetueleza lolote.

2/ Mimi mbao zimenilisha miaka tisa. Nilikuwa na mashine moja tu chini ya paa la mabati, na vijana wanne. Mbao zilienda kwa wajenzi na mafundi wa fanicha. Mabanzi yalinunuliwa na watu wa kuni. Hata vumbi lilikuwa na mwenyewe, mama mmoja mfugaji wa kuku alilichukua kila Ijumaa. Kwa hivyo mtu akiniita mwizi wa msitu naumia. Lakini pia akisema sisi sote ni malaika, nacheka.

3/ Jambo la kwanza ambalo jukwaani huchanganywa makusudi: msitu si mmoja. Kuna msitu wa asili, kama ule wa Mau unaolisha mto Mara, Sondu na Njoro. Huo si wa kupasuliwa mbao, na mtu asiwadanganye. Halafu kuna miti iliyopandwa na serikali ili ivunwe: saiprasi, paini, mikaratusi. Hiyo ni kama mahindi, ila saiprasi ya mbao inachukua kama miaka 30 kukomaa. Tatu, kuna miti ya mkulima shambani kwake. Ukisikia mtu anasema "msitu" bila kueleza ni upi, jua kuna kitu anaficha, au yeye mwenyewe hajui.

4/ Jambo la pili ni historia. Mwaka 1999 ukataji miti katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikapita miaka 10. Lakini kampuni chache kubwa ziliachwa ziendelee kuvuna. Mdogo alifunga, mkubwa akaendelea. Februari 2018 ikaja nyingine, ya misitu ya umma na ya jamii. Tuliambiwa ni siku 90. Zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi Julai 2023 ndipo ikatangazwa imeondolewa. Kesi ikafunguliwa, na mahakama ikasimamisha hatua hiyo kwa muda. Sasa wewe mwenye mashine, hapo ungepanga nini?

5/ Mimi nilikuwa nimechukua mkopo wa mota mpya miezi michache kabla ya hizo siku 90. Mkopo haujui marufuku. Nilianza kuzunguka kwa wakulima nikitafuta grivelia na mikaratusi. Kila mwenye mashine alikuwa huko huko, bei ikapanda, na miti ikauzwa ikiwa bado michanga. Nasema hili bila kujivunia: nimepasua miti ambayo ingengoja miaka mingine saba. Mkulima alikuwa na karo ya kulipa, mimi nilikuwa na mkopo. Huku mjini mbao za Tanzania na Kongo zikiendelea kuingia. Kwa hivyo hatukuacha kutumia mbao. Tulibadilisha tu ni miti ya nani inayoanguka.

6/ Sasa sikilizeni hapa, maana hii hamtaisikia jukwaani. Msumeno wa duara, ile sahani kubwa, hula kama milimita 6 kila ukipasua. Pasua mara 10, milimita 60 zimekuwa vumbi. Hizo ni zaidi ya mbao mbili za inchi moja! Msumeno wa mkanda hula kama milimita 2. Mara 10 ni milimita 20, haifiki hata inchi. Gogo ni lile lile, lakini mbao zinaongezeka bila kuangusha mti mwingine.

7/ Mbona basi sikununua wa mkanda? Kwa sababu ni ghali, na nani ataweka pesa hiyo kwenye biashara inayoweza kufungwa kwa tangazo moja la jioni? Nikabaki na sahani yangu kuukuu. Ndiyo maana nasema amri za ghafla hazilindi miti. Zinatuacha na mashine zinazoila. Anayependa msitu na anayetafuta riziki wote wanapoteza hapo.

8/ Kwa hivyo mgombea akija, msimuulize "utafungua au utafunga?" Muulizeni hivi:

Unazungumzia msitu upi kati ya ile mitatu?
Miti ya serikali ikiuzwa, mwenye mashine moja anaingia kwa mlango gani, na orodha ya walionunua itabandikwa wapi?
Palipokatwa panapandwa lini, na mwananchi atakagua vipi?
Ukibadilisha utaratibu, utatupa notisi ya muda gani?

9/ Katiba yetu, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Mimi naikubali kabisa. Bila miti sina kazi, na wajukuu wangu hawana maji. Lakini mti wa miaka 30 hauwezi kuongozwa na ahadi ya miaka mitano.

10/ Mashine yangu niliiuza 2021, kama chuma chakavu. Vijana wangu wawili sasa ni wa bodaboda. Sijaja kuomba huruma. Nimekuja kusema kwamba tukiendelea kupiga makofi pande zote mbili, zamu ijayo ni ya mtu mwingine hapa ndani.

Ukipata mgombea akajibu hata swali moja kati ya yale manne, tuandikie hapa chini alivyojibu. Jina lake weka kando, jibu tu linatosha.