Kikwembe cha Mama Hakikatwi Bila Kikao

Maneno ya wahuduma wa atelie mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Komite imetuomba tueleze kazi ya atelie, yaani namna vitu vya zamani vya nyumbani vinavyogeuzwa kwa mkono vikawa vitu vipya. Tutaeleza. Lakini tutaanza na kosa letu, kwa sababu kanuni zote tunazofuata leo zilitoka pale.

Tulipofungua atelie tuliwaambia wamama walete "vitu vya zamani ambavyo havitumiki tena". Maneno hayo tuliyaandika ofisini, na ofisini yalionekana mazuri. Vikaja vikwembe, mashuka, mashati ya wababa, magunia ya posho, makopo ya mafuta. Nguo zote tukazitia katika gunia moja, tukaziita "vifaa". Siku ya mafunzo mmoja wetu akaingiza mkono mle, akatoa kikwembe cha rangi ya majani kilichofifia, akakikata mbele ya wote ili kuonyesha namna mkasi unavyofuata uzi.

Mama mmoja akasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Hivyo vipande, naweza kuviokota?" Akaviokota kimoja kimoja, akavifunga katika pindo la nguo yake, akaenda.

Binti yake ndiye aliyekileta, akidhani ni nguo kuukuu tu. Kumbe kilikuwa cha bibi yake, aliyefariki na kuzikwa kambini Nyarugusu.

Wengi hapa hawahitaji kuelezwa zaidi, lakini wafadhili wanaotusoma kutoka mbali tunawaeleza. Vita vya 1996 vilipofika kwetu Fizi na Uvira, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Wakakaa Nyarugusu, Lugufu na kambi nyingine, wengine miaka 10, wengine zaidi. Kuanzia 2005 mashua za kurudisha watu zikaanza kutia nanga hapa Baraka. Watu walirudi na watoto, masufuria, mablanketi. Makaburi hayapandi mashua. Yalibaki kule ng'ambo. Mutu ambaye mama yake amelala Nyarugusu hawezi kwenda Jumapili jioni kung'oa majani juu ya kaburi. Anachoweza ni kufungua sanduku la bati, kukunjua kikwembe, kukinusa, kukikunja tena. Kwake, ile nguo ndiyo kaburi la mama. Na sisi tulikuwa tumelipiga mkasi mbele ya watu, tena kwa mfano.

Baadhi yetu tulivuka lile ziwa tukiwa watoto migongoni. Baadaye tukasoma Bukavu, tukapata diploma, tukajifunza kwamba kutumia tena kitu cha zamani ni jambo jema. Ni jema kweli. Lakini hatukufundishwa kuuliza swali la kwanza: hiki kitu ni cha nani, na ndugu zake wanajua?

Tulimwomba mama mmoja mkubwa wa chama atusindikize kwenda kuomba msamaha. Tulipokelewa, tukapewa viti, lakini yule mama hakurudi atelie kwa majuma matatu. Halafu tukaitwa. Mama mdogo wao alikuwa amewakutanisha mabinti wote wanne wa marehemu. Pale tukajua jambo ambalo hatukulijua: kile kikwembe kilikuwa na ugomvi wa zamani. Dada mkubwa alikishika tangu kambini. Wadogo zake watatu walikuwa wamekiomba, kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja alikataliwa. Nguo moja haigawanyiki, alisema. Sasa ilikuwa imegawanyika, bila yeye kutaka.

Mama mdogo akavipanga vile vipande juu ya mkeka, akasema: "Kosa limeisha kutendeka. Basi njo tugawe." Kila binti akapewa fungu lake. Mmoja alishona kipande chake ndani ya mbeleko, upande unaogusa mgongo wa mtoto. Mwingine alikitia katikati ya blanketi la viraka. Wa tatu alishona mfuko wa Biblia. Dada mkubwa alichukua pindo lenye maandishi ya kiwanda, hakulishona popote. Alilikunja, akalirudisha ndani ya sanduku.

Hatusemi haya ili kujitetea. Kosa ni kosa. Ila pale tulijifunza mambo mawili kwa mara moja: mkasi unaweza kuiba, na mkasi huohuo unaweza kugawa urithi uliokuwa umefungiwa kwa mutu mmoja. Tofauti yake ni kikao kilichofanyika kabla, au kilichokosekana.

Tangu hapo, kila kitu kinachoingia atelie kinapangwa katika mafungu matatu, mbele ya mwenyewe.

Fungu la kwanza ni vitu visivyokatwa. Humo ziko karata za posho, karatasi za kurejea nchini, vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa. Kijana mmoja alitaka kubandika karata za kambini juu ya kisanduku ili kipendeze. Tukamkataza: hizo ni ushahidi wa familia. Kesho mutu anaweza kuulizwa alikuwa wapi na alirudi lini. Zitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, zikae pakavu. Picha nazo zifanyiwe nakala kwanza, na nakala ndiyo itumike. Humo pia tunaweka nguo ambazo wazee wanazijua kwa historia, kama zile za pamba za kiwanda cha Filtisaf cha Kalemie, au vikwembe vya Sotexki ya Kisangani. Mwenye nguo kama hiyo nzima, tunamshauri aitunze nzima.

Fungu la pili ni vitu vya nyumba. Ni kumbukumbu ambazo familia imekaa na kukubaliana zigeuzwe: kikwembe alicholetewa mama wakati wa mahari ya binti yake, shati la baba, kitambaa cha kwanza cha mtoto ambaye sasa ana watoto. Vinashonwa, vinarudi nyumbani. Haviuzwi.

Fungu la tatu ni vitu vya soko: mabaki ya mafundi washonaji, magunia matupu, makopo, mipira ya baiskeli, nguo ambazo mwenyewe amesema kwa mdomo wake kwamba hazina jina la mutu. Hizi tunakata bila woga.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wameomba tuiandike ili nao walio Fizi-centre na vijijini wajaribu.

Kikwembe cha zamani usikipeleke kwenye cherehani mara moja. (Tuliotoka Tanzania tunasema cherehani, waliobaki wanasema mashini. Ni kitu kimoja.) Kishike kuelekea mwanga, kivute taratibu upande huu na upande ule. Kikipasuka kama karatasi, mashini itakimaliza, kwa hiyo kishonwe kwa mkono juu ya kitambaa kigumu cha pamba. Kile kitambaa cha chini kifuliwe kwanza, la sivyo kitasinyaa baadaye na kazi yote itajikunja. Nguo ya kumbukumbu ioshwe kwa maji baridi na sabuni laini, bila javeli, bila kukamua, ianikwe kivulini. Madoa ya kutu kutoka sanduku la bati yanaweza kupungua kwa ndimu na chumvi, lakini ndimu inaweza kula rangi pia. Jaribu kwenye kona moja, suuza, halafu uamue.

Kukata: vuta uzi mmoja wa nguo utoke, utaona mstari mnyoofu, huo ndio uufuate. Kwa blanketi la viraka tunakata miraba ya sentimita 12. Ukishona sentimita 1 kila upande, mraba unabaki 10. Nguo nyepesi ikae na nyepesi, nzito na nzito, kwa sababu nzito itaichana jirani yake. Pasi ya makaa isiguse nguo ya zamani moja kwa moja, weka kitambaa chenye unyevu katikati.

Nguo iliyochanika sana inafaa mkeka. Kata kanda za upana wa sentimita 5, suka tatu tatu kama nywele, halafu zungusha kutoka katikati na kushona duara juu ya duara. Usivute uzi kwa nguvu. Ukivuta, mkeka utainuka kingo kama bakuli.

Magunia ya plastiki yasipigwe pasi, yanayeyuka. Kingo zake zinafungwa kwa moto mdogo wa mshumaa, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Kopo la mafuta ya kula linafaa kisanduku cha sindano au taa, mradi kingo zikunjwe sentimita 1 ndani na kugongwa zilale. Kidumu au kopo lililobeba dawa ya wadudu au petroli lisiingie atelie kabisa, hata likioshwa mara kumi. Bakuli la enameli lililobanduka lisirudishiwe chakula. Litiwe nyuzi na vifungo.

Upande wa pesa tunataka pia kusema wazi. Vitu vya soko vikiuzwa, fundi anachukua haki yake, na fungu la chama linaingia kasha la kijani la muso yetu, pale tunapokopeshana. Lakini tuliona jambo lililotusumbua. Mwanzo wa mwaka wa shule, wakati wa kutafuta minerivali ya sekondari, wamama wawili walileta vitu vya fungu la pili wakasema sasa ni vya fungu la tatu. Hakuna aliyewalazimisha, ila shida. Njo maana tuko na kasha jekundu. Kasha jekundu si la msiba na ugonjwa peke yake. Tunaiomba komite iweke kanuni hii: mwanachama akija kuuza kumbukumbu kwa sababu ya shida, kasha jekundu lifunguliwe kwanza, kumbukumbu ikae juma moja ikisubiri. Baada ya hapo akitaka bado kuuza, ni haki yake na hatutamhukumu. Chama cha kusaidiana kinachongoja mpaka mwanachama auze nguo ya mama yake, kimesaidia nini?

Kwa wafadhili tuna maneno machache, na tunayasema kwa heshima, kwa kuwa bila ninyi hatungekuwa na mashini wala nyumba ya kuziweka.

Mgeni mmoja alitembelea atelie, akapenda blanketi la viraka lililokuwa ukutani, akataja bei nzuri. Mwenye blanketi alitutazama sisi kwanza, kana kwamba sisi ndio tutakaomjibia. Tulinyamaza. Mwishowe alisema: "Hii ni baba. Ile pale njo ya kuuza." Mgeni alielewa, akanunua ile pale. Tunamshukuru.

Tumeombwa pia kila mkoba uwe na kikaratasi chenye hadithi ya huzuni ya aliyeushona, ati utauzwa haraka. Huenda ni kweli. Lakini kikaratasi chetu kitasema mkoba umetengenezwa kwa kitu gani, umeshonwa kwa mkono au kwa mashini, na umetoka Baraka. Wafu wetu hawatasaidia kuuza mikoba. Mkitaka kutusaidia, tuleteeni mikasi mizuri, nyuzi za pamba, sindano za mashini, pasi. Msitume marobota ya nguo kuukuu. Nguo kuukuu tuko nazo, na za kwetu tunajua zilikuwa za nani.

Tumalizie na yule mama. Alirudi. Sasa ndiye anayekaa mlangoni siku ya kupokea vitu. Kila anayekuja na furushi, yeye analifungua, anagusa nguo ya juu kwa vidole viwili, anauliza: "Ya nani? Wenzako wanajua?" Mutu akisita kidogo, anamfungia furushi lake vizuri, anamwambia: "Nenda mukae kwanza. Mkasi haukimbii."

Mtakaokuja atelie, njooni na jibu la maswali hayo mawili. Kazi nyingine tutafundishana.