Tupake Rangi Kabla Bati Halijatoboka



Kodi ya pango la maduka yetu ya Nansio ndiyo inayonunua madawati ya watoto wetu. Lakini mabati yake yameanza kushika kutu. Bati hulindwa na zinki. Zinki ikiisha, chuma huliwa.

Bado hayajatoboka. Tukiyasugua kwa brashi ya waya, tukabadilisha misumari iliyolegea, tukapaka praima ya kuzuia kutu na rangi ya bati mikono miwili, yatatufaa miaka mingine. Yakishatoboka, rangi haisaidii: tutaezeka upya, na madawati yatasubiri.

Sisi wa kamati ya fedha tulioko Mwanza mjini tumeshaanza kuchanga. Tunaomba kila kaya itoe kopo moja la rangi, au bei yake, kabla ya mvua za Oktoba.